Huyo Farasi Hana Wazimu, Wewe Ndiye Mwenye Haraka



Wiki mbili zilizopita mtu mmoja alinijia ofisini na karatasi aliyoiandika mwenyewe, akitaka niweke sahihi na muhuri. Ilikuwa na mistari 4 tu. Kwamba mimi, afisa wa ugani wa mifugo katika wadi hii, nimemkagua farasi wake, nimemkuta ana wazimu, ni hatari kwa watu na hafai kufugwa. Akishapata muhuri, aliniambia, atamtafuta mtu wa bunduki na mambo yaishe.

Nikamuuliza farasi amefanya nini. Akasema amemtupa mpwa wake wa miaka 11, mkono umevunjika. Nikampa pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli, maana mtoto hana kosa lolote katika habari hii. Nikamuuliza amemtoa wapi. Uwanja wa mbio wa Ngong, kupitia kwa dalali. Amekaa naye siku ngapi? Siku 19.

Siku 19! Ng'ombe wa maziwa ukimnunua Githunguri ukamleta kwako, siku 19 bado hajazoea zizi, maziwa yameshuka, na wewe unanipigia simu kuuliza kwa nini. Huyu alitaka mnyama aliyefundishwa kukimbia kwa nguvu zake zote tangu akiwa na miaka 2 awe amesahau yote kwa siku 19, kisha abebe watoto kwenye sherehe ya kuzaliwa.

Sikuweka sahihi. Aliondoka akisema napenda wanyama kuliko watoto wa watu. Namjibu hapa kwa sababu si yeye peke yake. Huyu ni wa tatu kunijia mwaka huu na maneno yaleyale: farasi mkorofi, farasi ana mapepo, farasi ameharibika kichwa. Na wewe unayesoma, kama umesikia kwamba farasi wa mbio waliostaafu huuzwa kwa bei nafuu na ukaanza kupiga hesabu za kubebesha watalii na watoto, soma mpaka mwisho kabla hujatoa pesa mfukoni.

Kwanza nikiri kosa letu sisi maafisa. Chuoni tulifundishwa ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku mpaka tukaota usiku. Farasi tulimpita kama matatu inavyopita kituo kisicho na abiria. Kwa hiyo afisa akiitwa kwa farasi, mara nyingi anamtazama kama punda mrefu na kutoa ushauri wa punda. Mimi pia nilifanya hivyo. Ninayoyajua leo nimeyapata kwa madaktari wa mifugo waliokuwa na subira nami, kwa kukanyagwa mguu mara mbili, na zaidi ya yote kwa saisi mmoja mzee aliyeosha na kulisha farasi wa mbio kwa miaka mingi. Nina diploma, yeye hana hata cheti, na katika jambo hili mimi ni mwanafunzi wake.

Sasa tuangalie huyo unayemwita mwenye wazimu ameishi vipi.

Farasi wa mbio huanza kufungwa tandiko akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi, kabla mifupa yake haijamaliza kukomaa. Uti wa mgongo wenyewe humaliza kukomaa akiwa na miaka 5 au zaidi. Alfajiri anatolewa na wenzake, wanakwenda kwa mstari, wanafanya mazoezi, wanarudi. Saa nyingi zinazobaki yuko bandani peke yake. Anapewa nafaka nyingi kwa sababu anatakiwa awe na moto. Anayempanda ana uzito usiofika kilo 60, na hakai: husimama kwenye vikuku, magoti yamekunjwa, matako hewani, mgongo wa farasi uko huru. Hata kupanda, mpandaji hurushwa juu kwa kushikwa mguu huku farasi anaendelea kutembea. Hakuna aliyewahi kumwambia asimame tuli. Katika uwanja wake hukimbia upande uleule kila mara, kwa hiyo mwili umekuwa laini upande mmoja na mgumu upande wa pili, kama fundi anayetumia mkono mmoja tu maisha yake yote. Na hajawahi kuwa peke yake nje. Mbele kuna farasi, nyuma kuna farasi, na kazi yake ni kuhakikisha wa mbele anakuwa wa nyuma.

Halafu siku moja analetwa kwako kwa lori, anatolewa, na mtu wa kilo 95 anasimama kwenye ndoo, anamkalia kitako mgongoni kama gunia la viazi na kumpiga mateke ya mbavu aende. Angekuwa ni wewe ungefanya nini?

Sikiliza hili la hatamu, maana hapa ndipo mikono ya watu inapovunjikia.

Katika farasi wa kawaida wa kupanda, ukivuta hatamu kidogo anapunguza mwendo. Farasi wa mbio amejifunza lugha nyingine. Mpandaji akifupisha hatamu na kushikilia kwa nguvu, farasi anaegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, anapata mahali pa kujikaza, na anasukuma mbele. Kwake kukazwa hatamu ni habari kwamba kazi imeanza. Mbio zikiisha, mpandaji anasimama wima, analegeza, na farasi anapunguza mwenyewe taratibu. Kwa hiyo kukaza ni kwenda, kulegeza ni kupumzika.

Rudi sasa kwa yule mtoto. Mwenye farasi mwenyewe ndiye aliyenisimulia, bila kujua anajitia hatiani. Walikuwa wanakwenda vizuri, akasema, kisha pikipiki ikapita, farasi akaongeza mwendo kidogo. Mtoto akaogopa. Akafanya anachofanya kila mtoto anayeogopa: akavuta hatamu kwa mikono yote miwili na kubana miguu mbavuni ili asianguke. Farasi akaongeza. Mtoto akavuta zaidi. Farasi akaenda shoti kabisa, na kwenye kona mtoto akabaki hewani.

Farasi aliambiwa kimbia, akakimbia. Alitii kila alichoambiwa, mpaka mwisho. Wazimu uko wapi hapo?

Na hiki ndicho kinachonikasirisha kuhusu wale wanaosema dawa ya farasi wa mbio ni kiboko na chuma kikali mdomoni. Kiboko mbioni kina maana moja tu: ongeza. Ukimchapa kwa sababu alikimbia, umemwambia hakukimbia vya kutosha. Chuma kikali ukikivuta, anakaza shingo, anainua kichwa, anakimbia kuliepuka yale maumivu, na sasa umepata farasi anayekimbia kwa hofu badala ya yule aliyekuwa anakimbia kwa mazoea. Huyo wa pili ni mgumu mara nyingi zaidi kumrudisha. Mbali na kuwa upumbavu, ni kosa: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria zetu, haikuandikwa kwa ajili ya mbwa na punda peke yao.

Kumfundisha kusimama kunaanzia chini, miguu yako ikiwa ardhini. Tembea naye kwa kamba, wewe ukiwa karibu na bega lake. Simama, toa pumzi, sema neno moja utakalolitumia siku zote. Akisimama, legeza kamba hapohapo. Asiposimama, mzungushe kwa upole mpaka asimame, halafu legeza. Anayemfundisha ni ule ulegezaji, wala si uvutaji. Dakika 15, mara mbili kwa siku, wiki 2 au 3. Kisha mfunge hatamu ndefu, umwendeshe ukiwa nyuma yake kwa pembeni, mbali na teke, kama mtu anayelima kwa maksai. Hapo anajifunza kugeuka kulia na kushoto, kusimama na kurudi nyuma, bila uzito wa mtu mgongoni na bila kuogopa. Watu huona aibu kufanya hivi barabarani kwa sababu majirani wanacheka kwamba umenunua farasi ili utembee nyuma yake. Waache wacheke. Mfupa wa mtoto hauungi kwa kicheko.

Ukifika wakati wa kumpanda, tumia jiwe au sanduku imara la kupandia, na somo la kwanza liwe kusimama tu. Egemea tandiko, shuka. Egemea, shuka. Siku nyingine kaa, umpapase shingo, shuka. Wiki nzima ukipanda na kushuka bila kwenda popote hujapoteza kitu. Baadaye ni kutembea, na kutembea, na kutembea: barabara ya vumbi, kando ya shamba, kupanda kilima polepole. Mchakamchaka uje baadaye, pande zote mbili, zaidi ule upande ulio mgumu kwake. Shoti iwe ya mwisho kabisa, na isianzie kwenye uwanja mpana ulionyooka unaofanana na pale alipofundishwa. Na usimtoe peke yake siku za mwanzo. Mtoe na farasi mzee mtulivu, au hata punda aliyemzoea, atangulie mbele.

Lakini nimeruka. Haya yote hayaanzi siku ya kwanza. Siku ya kwanza mpaka mwezi wa kwanza kuisha, huyo farasi asifanye chochote. Atoke bandani, akae kwenye uwanja wa nyasi wenye uzio unaoonekana (waya wa miiba hapana, ngozi yake ni nyembamba na ataukimbilia), awe na mwenzake, ale, alale, ajue kwamba jua huchomoza bila yeye kukimbia. Wiki chache za kwanza atapungua misuli na kuonekana mbaya. Majirani watasema humlishi. Vumilia.

Na sasa nimefika kwenye eneo langu hasa, chakula, na hapa sina upole.

Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake na hutoa asidi mchana na usiku, awe anakula au hali. Aliumbwa ale nyasi kidogokidogo karibu siku nzima. Farasi wa mbio hupewa nafaka nyingi kwa mikupuo michache na hukaa saa nyingi mdomo mtupu, kwa hiyo wengi wao, zaidi ya nusu katika tafiti za nchi mbalimbali, wana vidonda vya tumbo. Ukimwona anatega masikio nyuma na kutaka kukuuma unapokaza mkanda wa tandiko, kabla hujasema ni mkorofi jiulize kama wewe mwenye vidonda vya tumbo ungependa kufungwa mkanda. Muite daktari wa mifugo amtazame. Kutibu vidonda ni kazi yake, si yangu wala ya duka la dawa.

Punguza nafaka polepole kwa wiki 2, usiikate siku moja. Badala yake weka nyasi kavu nzuri, boma rhodes isiyo na vumbi wala ukungu, muda wote. Ili ujue kiasi, pima uzito wake kwa utepe: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa sentimita, zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya tako, kisha gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa 185 na urefu wa 165 ana kama kilo 475. Asilimia 2 ya hapo ni kilo 9 na nusu za nyasi kwa siku. Robota la kilo 15 basi ni siku moja na nusu, marobota kama 20 kwa mwezi. Ongeza jiwe la chumvi na maji safi, na usishangae akimaliza lita 40 siku ya joto. Uzito huohuo ukuonyeshe pia nani apande: mtu na tandiko pamoja wasizidi moja ya tano ya uzito wa farasi, na kwa mnyama ambaye mgongo wake hajazoea kukaliwa, wapunguze zaidi.

Kisha yale yanayoua. Mahindi yenye ukungu, hata yale uliyoyachambua ukaona machache tu yameharibika, yana sumu inayooza ubongo wa farasi. Usimpe. Chakula cha kuku wa nyama na baadhi ya vyakula vya ng'ombe vina dawa iitwayo monensini, ambayo kuku na ng'ombe huivumilia na farasi humuua kwa kuharibu moyo. Mwaka juzi niliitwa alfajiri nikamkuta farasi amelala ubavu, jasho limemjaa, hawezi kuinuka. Nafaka ilikuwa imeisha, mwenye farasi akachota kwenye gunia la kuku usiku ule "ashike tumbo tu". Tuliita daktari, tukakaa naye mpaka jua lilipokuwa kali, akafa. Ule mfuko wa chakula ulikuwa umesimama pale ukutani na orodha yake ya viungo imeandikwa wazi. Tangu siku ile nasoma mfuko kabla ya kumsalimia mwenye boma.

Na dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitrazi, ambayo nusu yenu mnayo nyumbani, usimwogeshe nayo farasi hata kama kupe wamemjaa masikioni. Husimamisha matumbo yake, na farasi ambaye matumbo yamesimama ni farasi anayekufa. Kupe lazima watolewe, wanaleta homa ya damu, lakini muulize daktari dawa iliyo salama kwa farasi. Muulize pia chanjo ya pepopunda na ile ya ugonjwa wa farasi wa Kiafrika. Huo husambazwa na visubi, hauna tiba, na huua wengi wa wanaoupata. Muingize bandani kabla jua halijazama. Na kama mpango wako ni kumpeleka pwani akabebe watalii, ujue upande wa Shimba Hills kuna mbung'o na ndorobo yake, na joto ambalo mnyama wa Nairobi halijui. Wapo wanaofuga farasi pwani na wakafanikiwa, lakini hawakumteremsha kwenye lori leo na kumtandika kesho.

Meno yakaguliwe, maana meno makali yanayokata shavu kila chuma kinapoguswa hufanya farasi yeyote atupe kichwa. Kwato pia. Mbioni huvaa viatu vyepesi vya alumini. Vitolewe, aangaliwe na fundi kila wiki 5 au 6, na fundi huyo huyo aamue kama atembee bila viatu au avalishwe vya chuma. Na tandiko! Usinunue tandiko kwa sababu ni zuri. Linunue kwa sababu limemkaa yeye.

Ngoja nizungumze na madalali, najua baadhi yenu mnasoma hapa. Mnaposema "ameshafunzwa", mna maana gani? Kwamba amepandwa mara 3 na kijana mwepesi asubuhi, baada ya kukimbizwa mpaka akachoka? Mnunuzi, fika bila kutangaza saa. Omba umwone akitolewa bandani kabla ya mazoezi. Apandwe na mtu wao kwanza, akiwa amesimama, atembee kuondoka kwa wenzake mpaka mwisho wa njia na kurudi. Wakikataa, umepata jibu bure. Pitisha mkono kwenye kano za nyuma ya miguu ya mbele, ulinganishe mguu na mguu, joto na uvimbe. Uliza jina lake la mbio na kwa nini aliacha. Aliyeachishwa kwa sababu hakushinda kitu anaweza kuwa bahati yako. Aliyeachishwa kwa sababu kano ilikatika, utakuwa unamlipia dalali hasara ya mtu mwingine. Nenda na daktari wako mwenyewe, si wa muuzaji, na achukue damu, kwa sababu dawa za kutuliza na za maumivu zipo, na farasi mpole wa Jumamosi anaweza kuwa mwingine kabisa Jumatatu.

Utaniambia: bwana afisa, nani ana pesa za kulisha farasi miezi 6 bila kuingiza hata shilingi? Swali ni zuri na jibu lake ni fupi. Kama huna, usimnunue. Bei ya kumnunua ndiyo gharama ndogo kuliko zote, na ndiyo pekee unayoijua. Huko Marekani kuna shirika liitwalo Retired Racehorse Project, lililoanzishwa 2010, lenye mashindano ya farasi waliotoka mbioni. Wafunzaji wanaokwenda pale, wengi wakiwa watu waliozaliwa juu ya tandiko, hupewa takribani miezi 10 ya kumwandaa farasi, na bado wengine hufika wakiwa hawako tayari. Wewe na mimi tunataka wiki 3.

Wala sisemi kazi haiwezekani. Wengi wa farasi mnaowaona wakicheza polo Gilgil au wakirushwa vizuizi na watoto wa Karen walianza maisha pale Ngong. Ni wanyama werevu, wanapenda kazi, wamezoea kuoshwa, kupakiwa kwenye gari, kushikwa miguu na fundi. Kuna Neville Bardos, farasi wa mbio wa Australia aliyeshindwa mbioni, akanunuliwa kwa dola 850 akiwa njiani kuelekea kuchinjwa, na mwaka 2011 akamaliza wa 7 katika mashindano makubwa ya Burghley, Uingereza, miezi michache tu baada ya kunusurika moto wa banda. Lakini aliyemfikisha pale hakumbebesha mtoto wa miaka 11 siku ya 19.

Kuhusu watoto nitasema wazi hata kama nitakosa marafiki. Farasi wa mbio katika mwaka wake wa kwanza si farasi wa mtoto wala wa mtalii asiyewahi kupanda. Baadhi hawatakuwa kamwe. Ukitaka biashara ya kubebesha watoto, tafuta farasi mfupi, chotara, mzee, mvivu, aliyeshapita kila aina ya kelele. Hata huyo asipandwe na mtoto asiye na kofia ngumu, wala kwa ndala, maana mguu hupita kwenye kikuku na kunasa.

Kuna mtu sijamtaja, na ndiye aliyenifanya nikeshe nikiandika. Mwenye farasi ana saisi. Kijana huyo alimwambia tajiri wake, mbele ya wageni, kwamba farasi hayuko tayari. Akajibiwa kazi yake ni kufagia mavi. Mtoto alipoanguka, saisi ndiye aliyefukuzwa, bila mshahara wa mwezi, kwa kosa la "kutomshika farasi vizuri". Ninyi mnaofuga farasi, hebu niambieni: anayeamka naye saa 11 alfajiri ni nani? Anayejua amekunywa maji kiasi gani, amelalia upande upi, masikio yameelekea wapi ni nani? Mnanunua farasi, tandiko na buti kutoka ng'ambo, halafu mtu pekee kwenye boma anayeielewa lugha ya huyo mnyama mnamlipa kidogo na kumfukuza kwanza. Wengi wa masisi hawa walifundishwa kazi Ngong kwenyewe. Elimu mnayoitafuta kwenye video imesimama hapo nje na reki mkononi.

Siku 2 baada ya kukataa kuweka muhuri, nilikwenda kwa yule bwana bila kuitwa. Alinipokea kwa baridi lakini alinifungulia. Nilimvua farasi blanketi. Juu ya mabega, pale tandiko linapokaa mbele, kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa nusu chungwa, wa moto, na nilipougusa kwa kidole kimoja aliinama mgongo mpaka tumbo likakaribia chini. Tandiko lilikuwa jembamba, limenunuliwa pamoja na farasi, la farasi mwingine. Daktari alikuja kesho yake, akakuta na meno mawili yamechonga shavu.

Nilimwonyesha mwenyewe. Nikamwekea mkono wake juu ya ule uvimbe. Hakusema kitu kwa muda, kisha akauliza itachukua siku ngapi. Nikamwambia aache kuhesabu siku.

Karatasi yake bado iko kwenye droo yangu, haina muhuri. Farasi yuko nje na mbuzi wawili, anakula boma rhodes. Fundi wa kwato anakuja Jumatatu saa 3 asubuhi. Nimemwambia mwenye farasi awepo, na asije peke yake: amlete yule saisi, na mshahara wake wa mwezi.